Uzi, Nati na Stopwochi: Kumwingiza Mwanafunzi Katika Uchunguzi wa Kisayansi

Andika ubaoni namba tatu: 2, 4, 6. Waambie wanafunzi kwamba namba hizo zinafuata kanuni uliyoiandika kwenye karatasi na kuikunja mfukoni, na kazi yao ni kuigundua. Kila kundi lilete namba tatu za kwake, nawe utajibu neno moja tu: "zinafuata" au "hazifuati". Kundi litaje kanuni pale tu litakapoona lina uhakika.

Mara nyingi mambo huenda hivi. Kundi linaleta 8, 10, 12: zinafuata. Linaleta 20, 22, 24: zinafuata. Linaleta 100, 102, 104: zinafuata. Linasimama kifua mbele na kutangaza: "Ni namba zinazoongezeka kwa mbili." Sivyo. Karatasi inasema "namba zozote tatu, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia". Hata 1, 5, 90 zingefaa. Mwanasaikolojia Mwingereza Peter Wason alilichapisha jaribio hili mwaka 1960, na mtego wake haujachakaa. Unanasa watu wazima wenye shahada sawasawa na unavyonasa watoto.

Walikosea wapi? Hesabu zao zilikuwa sahihi. Walichofanya ni kuuliza maswali ambayo, kama wazo lao lingekuwa kweli, jibu lingekuwa "ndiyo". Hakuna aliyejaribu 1, 2, 3, au 6, 4, 2. "Ndiyo" tatu zilizofuatana ziliwapa raha bila kuwapa habari, kwa sababu kanuni yao na kanuni ya kwenye karatasi zote zilitabiri "ndiyo" ileile. Swali la 1, 2, 3 lingewagharimu dakika moja na kuliangusha wazo lao palepale.

Zoezi hili huchukua dakika 15, halihitaji kifaa chochote, nalo ndilo mlango mzuri zaidi wa somo zima. Mwanafunzi aliyenaswa hapa anaelewa kwa nini jaribio ni lazima liwe na nafasi ya kushindwa. Aliyekariri hatua sita za mbinu ya kisayansi bila kunaswa popote, bado.

Hatua sita ni mpangilio wa ripoti

Hatua zenyewe kila mtu anazijua: swali, nadharia tete, jaribio, ukusanyaji wa data, uchambuzi, hitimisho. Zinabandikwa ukutani kama ngazi ya kupanda mara moja. Hazina kosa kama mpangilio wa kuandikia ripoti, kwani msomaji anataka kujua kwanza uliuliza nini na mwisho ulipata nini. Ila kazi yenyewe haiendi hivyo. Mtu anaanza kupima, anagundua kifaa chake kinadanganya, anarudi kwenye swali, analibadilisha, anapima upya, anapata namba isiyoeleweka, na namba hiyo inazaa swali lililo bora kuliko lile la kwanza. Darasa likilazimishwa kupanda ngazi ndani ya kipindi kimoja cha dakika 40, linachojifunza ni kujaza visanduku.

Ushauri wetu ni kuchagua jaribio moja rahisi na kulirudia vipindi vitatu, badala ya kufanya majaribio matatu tofauti mara moja moja. Kinachofundisha ni urudiaji. Na kama ni kuchagua kifaa kimoja, pendulumu haina mpinzani. Ni uzi na kitu kizito, haivunjiki, haichafui, inatoa jibu ndani ya nusu dakika, na inamkosesha karibu kila mtu utabiri wake wa kwanza.

Kipindi cha kwanza: swali na utabiri wa kalamu

Kila kundi la wanafunzi watatu au wanne lipate uzi usiorefuka ukivutwa, wa urefu wa mita 1.2 hivi, nati tano zinazolingana, kipande cha waya kilichokunjwa kama ndoano, rula ya mita na stopwochi. Ile ya kwenye simu inatosha. Ncha ya juu ya uzi ibanwe kati ya vipande viwili vya mbao au chini ya kitu kizito ukingoni mwa meza. Isining'inizwe tu kwenye msumari, kwa sababu uzi unaoteleza juu ya msumari hubadilisha urefu wake wakati unabembea.

Swali: ni nini kinachoamua muda wa mbembeo mmoja, yaani kwenda na kurudi? Wanafunzi wenyewe watataja mambo matatu: uzito wa kinachoning'inia, urefu wa uzi, na umbali unaokivuta kabla ya kukiachia. Hivyo ndivyo vigeu. Tunachokibadilisha kwa makusudi ni kigeu huru, tunachokipima ni kigeu tegemezi, na vilivyobaki vinashikiliwa palepale.

Kabla mtu hajagusa uzi, kila mwanafunzi aandike kwa kalamu ya wino, si penseli, utabiri wa namna hii: "Nikiongeza nati kutoka 1 hadi 5, muda wa mibembeo 10 utaongezeka / utapungua / hautabadilika, kwa sababu..." Wengi wataandika kwamba kizito kitabembea haraka zaidi. Usiwasahihishe, wala usikunje uso.

Wino hapa una sababu yake. Utabiri ulioandikwa baada ya kuona matokeo ni simulizi tu. Akili ya binadamu ina ufundi wa ajabu wa kukumbuka kwamba "mimi nilijua tangu mwanzo". Penseli na kifutio ni washirika wakubwa wa ufundi huo.

Hapa pia ndipo pa kutenganisha maneno mawili yanayochanganywa kila siku. Nadharia tete ni maelezo ya kwa nini: "kitu kizito huvutwa kwa nguvu zaidi, kwa hiyo husafiri haraka." Utabiri ni kile utakachokiona kama maelezo hayo ni ya kweli: "nati tano zitamaliza mibembeo 10 kwa muda mfupi kuliko nati moja." Nadharia tete haipimwi moja kwa moja, kinachopimwa ni utabiri wake. Sentensi kama "nadhani pendulumu itabembea vizuri" si nadharia tete wala utabiri, kwa kuwa hakuna matokeo yoyote yanayoweza kuipinga.

Kipindi cha pili: namba zinazodanganya

Sasa wapime. Uzi wa sentimita 40, nati moja, uvutwe kidogo na kuachiwa. Ukipima mbembeo mmoja utapata kama sekunde 1.3, lakini kidole cha binadamu kwenye stopwochi huchelewa au kuwahi kwa kiasi kinachoweza kufika sekunde 0.2. Kosa la 0.2 ndani ya 1.3 ni karibu asilimia 16. Ukipima mibembeo 10 mfululizo na kugawa kwa 10, kosa la kidole linabaki lilelile, 0.2, ila sasa liko ndani ya sekunde 12.7, yaani asilimia 1.6. Kifaa hakijabadilika, wala kidole. Kilichobadilika ni namna ya kuuliza. Mwanafunzi akiugundua ujanja huu mwenyewe, baada ya kupima mbembeo mmoja mara tano na kupata namba tano zilizotawanyika, hatausahau.

Kwa uzi wa sentimita 40, mibembeo 10 huchukua takribani sekunde 12.7. Mwalimu aijue namba hii moyoni lakini asiitaje, kwani ndiyo itakayomwonyesha ni kundi gani limepotea na limepotea wapi.

Kundi likileta 11.4, limehesabu vibaya. Lilisema "moja" wakati wa kuachia, badala ya "sifuri", kwa hiyo lilipima mibembeo 9. Ishara yake ni kwamba pengo la 1.3 ni sawa na mbembeo mmoja kamili. Dawa ni kuiacha pendulumu ibembee mara mbili kwanza, kisha kuanza saa kwa neno "sifuri" inapopita katikati ikielekea upande uleule kila mara. Katikati ndipo inapokwenda kasi zaidi, hivyo wakati wa kupita unaonekana wazi. Kule juu kwenye kona inapunguza mwendo hadi inasimama, na ni vigumu kusema imegeuka lini hasa.

Kundi likileta namba inayozidi 13.4, uliza walivuta kiasi gani. Kuvuta kwa nyuzi 10 (yaani digrii 10 kutoka wima) kunaongeza muda kwa asilimia 0.2 tu, ambayo stopwochi haiwezi kuiona. Kwa nyuzi 60 ni karibu asilimia 7, na hiyo inaonekana waziwazi. Hata Galileo, aliyedai kwamba muda wa pendulumu hautegemei upana wa mbembeo, alikuwa sahihi kwa mibembeo midogo tu. Makubaliano ya darasa yawe kuvuta chini ya nyuzi 15, na yaandikwe daftarini, si kubaki kichwani.

Halafu kuna kosa la nati. Hili linastahili muda wake.

Kundi limepima nati moja: sekunde 12.7. Sasa linaongeza nati nne. Njia inayomjia mtoto haraka ni kuzifunga moja chini ya nyingine, kama mnyororo. Linapima na kupata 13.3. Linarudia, linapata 13.3 tena, kisha 13.2. Namba zimeshikana vizuri, hakuna aliyehesabu vibaya, na hitimisho linaandikwa kwa fahari: uzito unapoongezeka, pendulumu inapunguza mwendo.

Hitimisho ni la uongo, ingawa kila namba ni ya kweli. Urefu wa pendulumu hauishii kwenye fundo la uzi. Unapimwa hadi katikati ya kile kinachoning'inia. Nati tano za sentimita 2 kila moja, zikipangwa kwa mnyororo, zinashusha katikati hiyo kwa sentimita 4. Pendulumu ya 40 imekuwa ya 44, na muda umepanda kwa karibu asilimia 5. Kundi lilidhani linabadilisha kigeu kimoja, kumbe limebadilisha viwili. Nati zote zikivishwa kwenye ndoano ileile, zikilala pamoja mahali pamoja, namba zinarudi kwenye 12.7, iwe ni nati moja au tano.

Tafadhali usiwawahi. Yaachie makundi yatofautiane, yaliyotumia mnyororo na yaliyotumia ndoano, kisha yaweke matokeo yao ubaoni bega kwa bega. Makundi mawili ya watu wenye akili yamepima kwa uangalifu na yamepingana. Nani kakosea? Acha wabishane, watazame pendulumu za wenzao, watafute tofauti. Hapo ndipo sayansi inapofanyika, na mwalimu aliyekimbilia kusema "valisheni kwenye ndoano" mwanzoni ameiuza kwa bei ya dakika kumi za utulivu.

Namba moja haijibu kitu

Kila kipimo kirudiwe mara tano. Tuseme kundi limeandika 12.6, 12.8, 12.7, 12.9 na 11.4. Hiyo ya mwisho ifanyweje? Wapo watakaoifuta, wapo watakaoiingiza kwenye wastani. Zote mbili ni mbaya. Ikatwe kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, pembeni iandikwe sababu inayoshukiwa ("huenda tulihesabu 9, pengo ni mbembeo mmoja"), na kipimo kirudiwe. Namba isiyopendeza haiondolewi kwa sababu haipendezi. Inawekwa kando pale tu panapokuwa na sababu inayoeleweka, na sababu hiyo inabaki kwenye karatasi kwa yeyote anayetaka kuihoji.

Kisha wanafunzi waandike wastani pamoja na mtawanyiko wake: "kati ya 12.6 na 12.9". Bila mtawanyiko, ulinganisho hauna maana. Nati moja ikitoa kati ya 12.6 na 12.9, na nati tano zikatoa kati ya 12.7 na 12.9, mitawanyiko inaingiliana. Kauli halali ni: "kwa vipimo vyetu, hatukuona tofauti." Ni kauli ya unyenyekevu kuliko "uzito hauhusiki kabisa". Huenda tofauti ipo, ila ni ndogo kuliko sekunde 0.1, na saa yetu haiwezi kuiona.

Jambo moja zaidi kuhusu saa. Anayeishika asitazame namba zake wakati wa kubonyeza. Zisomwe na mwingine. Anayejua kwamba mara nne zilizopita ilikuwa 12.7, kidole chake kitaisubiri 12.7 bila yeye kukusudia. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na farasi nchini Ujerumani, Hans, aliyejibu hesabu kwa kugonga kwato. Mwenye farasi, Wilhelm von Osten, hakuwa tapeli. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alionyesha kwamba farasi alikuwa akisoma mabadiliko madogo ya mwili wa muulizaji, ambayo muulizaji mwenyewe hakujua anayafanya. Muulizaji asipojua jibu, farasi naye hakulijua. Tangu hapo, kumficha mpimaji kile kinachotarajiwa ni tahadhari ya kawaida, wala si tusi kwa mpimaji.

Kulinganisha na nini?

Pendulumu ina ubora wa kuonyesha vigeu waziwazi, lakini inaficha jambo moja: haja ya kundi la ulinganisho. Hapo mwaka 1668 unasaidia. Wakati huo wengi waliamini kwamba funza huzaliwa na nyama inayooza yenyewe. Mwitaliano Francesco Redi aliweka nyama kwenye vyombo, vingine akaviacha wazi, vingine akavifunga kabisa. Funza walitokea kwenye vilivyo wazi tu. Lakini mpinzani angeweza kusema: umezuia hewa, na bila hewa nyama haiwezi kuzaa chochote. Redi akarudi na vyombo vilivyofunikwa kwa kitambaa chepesi chenye matundu madogo, hewa inapita, nzi hawapiti. Nyama ikaoza, funza hawakuonekana ndani yake.

Waulize wanafunzi: kitambaa kiliongeza nini ambacho kifuniko hakikuwa nacho? Jibu ni kwamba kiliua pingamizi moja mahususi. Kundi la ulinganisho zuri hutungwa kwa kufikiria kama adui yako: mtu asiyeniamini atasema nini, na ni chombo gani kitamjibu?

Kwa kipimo hicho, jaribio maarufu la mbegu za maharage, kikombe kimoja dirishani na kingine kabatini ili "kuona kama mbegu inahitaji mwanga", linavuja kila upande. Dirishani pana joto tofauti na maji hukauka haraka. Vikombe vyote vikae dirishani, kimoja kifunikwe kwa boksi lisilopitisha mwanga lenye matundu ya hewa yaliyokingwa, kingine kwa boksi linalopitisha mwanga lenye matundu yaleyale, na maji yapimwe kwa mililita. Hata hivyo boksi jeusi litapata joto zaidi jua likilipiga, kwa hiyo weka kipimajoto ndani ya yote mawili. Aliyedhani jaribio la maharage ni la watoto hajawahi kulifanya sawasawa.

Na ziwe mbegu ngapi? Tuseme ni 10 kila upande, gizani zimeota 9 na kwenye mwanga 7. Darasa litapiga kelele kwamba giza limeshinda. Usibishane nalo, toa sarafu. Makundi mawili yarushe sarafu mara 10 kila moja na kuhesabu vichwa. Warudie mchezo huo mara 20 na kuandika tofauti ya kila awamu. Wataona kwamba katika karibu nusu ya awamu, makundi yanatofautiana kwa vichwa 2 au zaidi, ilhali hakuna aliyezigusa sarafu kwa nia yoyote. Mbegu hazifuati hesabu zilezile za sarafu, lakini fundisho linashika: tofauti ya 2 kati ya 10 hutokea kwa bahati tupu, mara nyingi tu. Kuna njia mbili za kutoka hapo, ama kuongeza mbegu, ama kuunganisha matokeo ya makundi yote ya darasa.

Fafanua kabla ya kupima

Mwaka 1963 mwanafunzi wa sekondari wa Kitanzania, Erasto Mpemba, aliona mchanganyiko wa maziwa ya moto ukiganda kwenye friza kabla ya uliopoa. Alidharauliwa, hakunyamaza, na mwaka 1969 alichapisha makala pamoja na mwanafizikia Denis Osborne. Kisa hiki husimuliwa sana kama hadithi ya ujasiri, na ni kweli. Lakini kina upande wa pili ambao walimu huuruka. Jambo lenyewe bado linabishaniwa. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walitangaza kwamba walipopima maji kwa uangalifu hawakuiona athari hiyo, na wakaonyesha kuwa kusogeza kipimajoto sentimita 1 tu juu au chini ndani ya maji kunaweza kutengeneza matokeo yanayofanana nayo.

Sehemu ya tatizo ni neno "kuganda". Je, ni pale kipande cha kwanza cha barafu kinapoonekana? Ni pale kipimajoto kinaposoma nyuzi 0? Au ni pale maji yote yamekuwa barafu? Maswali matatu, stopwochi tatu, huenda majibu matatu. Kwa hiyo mpe mwanafunzi mazoea haya: kila neno lililo ndani ya swali lake aligeuze kuwa kitendo cha kupima. "Mmea wenye afya" ugeuke kuwa idadi ya majani na urefu kwa milimita kutoka usawa wa udongo. "Mbegu imeota" igeuke kuwa mzizi wenye urefu wa milimita 2 au zaidi. Asipofanya hivyo, ataamua wakati anahesabu, na ataamua kwa kupendelea anachokitarajia.

Kipindi cha tatu: grafu, na utabiri unapofeli

Uzito umeshaondoka kwenye orodha. Umebaki urefu. Pima kwa sentimita 20, 40, 60, 80 na 100, kutoka pale uzi ulipobanwa hadi katikati ya nati. Mibembeo 10 itakuja karibu na sekunde 9.0, 12.7, 15.5, 17.9 na 20.1. Wanafunzi wengi watakuwa wametabiri kwamba urefu ukiongezeka maradufu, muda nao utaongezeka maradufu. Hapana: ili muda uongezeke maradufu, kutoka 9.0 hadi 17.9, urefu unapaswa kuzidishwa mara nne, kutoka 20 hadi 80. Grafu ya muda dhidi ya urefu inapinda. Lakini ukichukua muda wa mbembeo mmoja, ukauzidisha kwa wenyewe, na kuuchora dhidi ya urefu kwa mita, nukta zinajipanga kwenye mstari ulionyooka wenye mteremko wa karibu 4.

Mstari huo unapaswa kupita kwenye sifuri. Usipopita, umejikamatia kosa ambalo hakuna jicho lililoliona. Kundi lililopima urefu hadi kwenye fundo, huku katikati ya nati ikiwa sentimita 2 chini yake, litapata mstari ulionyooka vizuri unaokata mhimili wa wima kwenye 0.08. Nukta zote zinaungana mkono, na zote zimekosea kwa namna moja. Kurudia vipimo mara mia kusingelifichua kosa hili. Urudiaji huponya makosa ya kutawanyika, hauponyi makosa yanayoegemea upande mmoja.

Sasa wana kitu kinachostahili kuitwa sheria: maelezo mafupi ya jinsi vitu viwili vinavyohusiana. Kwa nini vinahusiana hivyo ni kazi ya nadharia, kwa upande huu nadharia ya mwendo na mvutano. Katika mazungumzo ya kawaida "nadharia" ni kinyume cha vitendo, au ni wazo lisilo na uhakika, na wanafunzi huja na maana hiyo darasani. Wasahihishwe mapema. Katika sayansi, nadharia haingoji kupandishwa cheo iwe sheria. Sheria husema nini hutokea. Nadharia hueleza sababu, nayo inabeba sheria nyingi ndani yake.

Na utabiri ukifeli? Wanafunzi wakubwa wape kisa cha Urbain Le Verrier, mwanaastronomia Mfaransa. Sayari ya Uranus haikuwa ikipita pale ambapo hesabu za Newton zilisema. Le Verrier hakuitupa nadharia. Alisema lazima kuna sayari nyingine inayoivuta, akapiga hesabu ya mahali ilipo, na tarehe 23 Septemba 1846 Johann Galle aliiona Neptune chini ya nyuzi 1 kutoka pale alipoelekezwa. Baadaye, mwaka 1859, Le Verrier aligundua kwamba Mercury nayo ina mwendo usioelezeka. Akatumia dawa ileile: kuna sayari iliyofichika karibu na Jua, iliyokuja kuitwa Vulcan. Watu waliitafuta kwa miongo kadhaa. Haipo. Safari hii iliyokuwa na upungufu ni nadharia yenyewe, na ufafanuzi ulikuja na Albert Einstein mwaka 1915. Mtu mmoja, mbinu moja, majibu mawili kinyume. Utabiri unapofeli, hausemi ni sehemu ipi imevunjika: nadharia tete, kifaa, au kitu kimoja kati ya vile ulivyovichukulia kuwa kweli bila kuvisema. Kumbuka pia kwamba Le Verrier hakugusa kigeu chochote. Nyota hazifungwi kwenye ndoano. Kinachobaki kuwa kilekile ni utabiri unaotolewa mapema, kwa namba, mahali ambapo mtu anaweza kwenda kutazama na asikute kitu.

Kusahihisha

Alama zisitolewe kwa jibu kukubaliana na kitabu. Mwanafunzi akijua kwamba 12.7 ina alama, ataleta 12.7, hata kama saa yake ilisema 13.3. Tazama kama utabiri uliandikwa kabla, kama vipimo ghafi vipo vyote pamoja na vilivyokatwa, kama mtawanyiko umetajwa, na kama hitimisho halikuruka nje ya data. Neno "tumethibitisha" lizungushiwe duara kila linapotokea, na pembeni iulizwe: matokeo gani yangewafanya mbadilishe mawazo? "Makosa ya kibinadamu" nalo lisipokelewe kama maelezo. Kosa lipi, lilisukuma namba juu au chini, na kwa kiasi gani?

Mwishowe, daftari la kundi moja lipewe kundi jingine lisilokuwepo, lirudie jaribio kwa maandishi yale tu, bila kuuliza swali. Litakwama ndani ya dakika tano. Karibu kila mara vinavyokosekana ni viwili: uzi ulivutwa kiasi gani, na urefu ulipimwa hadi wapi.